Mkunjo wa Ishirini

Filamu ilikuwa ya saa mbili na dakika arobaini. Kitabu chake kilikuwa na kurasa mia tisa ishirini na nane. Mtu mwenye akili timamu angejiuliza mapema: watu wengine wote wa kitabuni wamekwenda wapi? Mimi sikujiuliza. Nilikaa kwenye kochi na mke wangu, miguu yake imevimba, nimeiweka juu ya mto mapajani mwangu, na nikaipenda filamu ile, mimi ambaye kwa kawaida nikiwashiwa sinema nalala kabla hawajamaliza kuandika majina.

Ilikuwa habari ya familia yenye kinu cha kusaga nafaka. Ndugu watatu wa kiume, wake zao, watoto wao, na dada mmoja ambaye hakuolewa, aliyeitwa Shangazi na watu wote, hata na kaka zake. Shangazi alikuwa na funguo kibao kiunoni na tabia ya kucheka kabla kichekesho hakijaisha. Mke wangu alikuwa hivyo hivyo. Unamsimulia jambo, hujafika katikati, yeye ameshacheka amemaliza, nawe unabaki na nusu yako mdomoni.

“Huyo ni wewe,” nikamwambia.

“Mimi funguo zote hizo ningezipoteza siku ya kwanza,” akasema, lakini alifurahi, nilimwona.

Tuliitazama mara tatu. Mwisho wake Shangazi amesimama kwenye geti la kinu, nywele nyeupe pepepe, anawacheka wajukuu waliotumbukia kwenye unga. Kila tulipofika hapo mke wangu alipiga makofi, peke yake sebuleni, utadhani wale watu wanamsikia.

Lazima nieleze kazi zetu, maana bila kazi zetu haya yasingetokea hivi yalivyotokea. Mimi ni fundi wa kujalidi vitabu. Tulikutana kiwandani, kwenye uchapaji. Karatasi kubwa ikishachapwa hukunjwa mara nne, inakuwa kifurushi chembamba cha kurasa thelathini na mbili, na kifurushi hicho tunakiita mkunjo. Kitabu kinene ni mikunjo mingi iliyopangwa kwa zamu na kushonwa pamoja. Wanawake wa meza ndefu walipanga, sisi wanaume wa nyuma tulishona na kuvalisha majalada. Mke wangu alipanga kwa miaka ishirini na sita, na hakuna mkunjo ulioruka zamu ukapita mbele yake, ndiyo maana walimwita Kamishna. Mimi waliniita Gundi. Sababu haihitaji maelezo, harufu ilinitangulia kila nilikokwenda.

Kiwanda kilipofungwa mimi nilifungua karakana, chumba kimoja nyuma ya fundi viatu, nikawa najalidi tasnifu za wanachuo na madaftari ya mahudhurio. Watoto hatukujaliwa. Tulikuwa sisi wawili na mdogo wake wa kike, mshonaji wa mapazia, ambaye alikuja kila Jumapili kuniambia ninakosea nini.

Kisha moyo wa Kamishna ukapanuka. Ndivyo walivyosema hospitalini, nami mara ya kwanza nilidhani wanamsifu.

Alilazwa, akatoka, akatakiwa kulazwa tena. Asubuhi ya mara ya pili nilikuwa nampangia nguo kwenye begi, akanishika mkono.

“Gundi, nisikilize. Wakikwambia basi, uniambie siku ileile. Usinipambie maneno. Unirudishe hapa, kitandani kwangu. Sitaki kufia kwa watu.”

“Nani kataja kufa?”

“Nimetaja mimi. Apa.”

Niliapa. Niliapa nikiwa nimeshika soksi zake, na nilimaanisha kila neno. Hilo naomba lieleweke, kwamba nilimaanisha.

Kitabu alikitaka yeye. Alikuwa amekaa wodini siku nne, amemaliza kuwajua wagonjwa wote na magonjwa yao, akaniambia ile filamu iliisha haraka mno. “Nataka nikae nao zaidi,” alisema. “Hasa Shangazi. Kama kwenye filamu yupo vile, kitabuni si atajaa nyumba nzima?” Hesabu yake haikuwa na kosa hata moja.

Nilikitafuta wiki nzima, nikakipata kwa muuza vitabu chakavu, kina ukungu kichwani, yaani kwenye ukingo wa juu wa kurasa. Kamishna alipofungua ukurasa wa mbele aliguna. Kilichapwa kiwandani kwetu, miaka ishirini nyuma. “Nilikipanga mimi hiki,” akasema. “Maelfu yake. Sikusoma hata mstari.” Akajaribu kukinyanyua akisome, kikamwangukia kifuani. Mikono yake wakati huo haikuweza kushika hata kikombe kilichojaa. Nikakichukua nikaenda nacho karakanani kufanya kitu pekee ninachokijua.

Nilikifumua. Nilikata uzi, nikaiachanisha mikunjo yote ishirini na tisa, nikaipunguza kichwa kwa mashine ili ukungu utoke. Nambari za kurasa zilikuwa juu, zikaenda pamoja na ukungu, nami sikujali, nani angezihesabu? Kila mkunjo niliushona peke yake na kuuvalisha jalada jepesi la manila, ukawa hauzidi uzito wa daftari la shule. Kila baada ya siku mbili tatu nilimpelekea mmoja na kurudi na aliokwisha kuusoma.

Siku zile zilikuwa nzuri, siwezi kukana. Mbele ya kitabu kulikuwa na mchoro wa ukoo wenye majina arobaini na matatu, na Kamishna aliwajua wote kuliko alivyowajua binamu zake.

“Gundi, kaka wa pili ana mke wa kwanza! Kwenye filamu hakuwepo.”

“Walimfukuza. Filamu ilikuwa imejaa.”

“Na Shangazi bado hajaanza. Anaingia, anacheka, anatoka zake na funguo.”

“Subiri, kitabu kirefu hicho.”

“Nasubiri. Atakuja tu.”

Nami nilikuwa nausoma kila mkunjo karakanani kabla ya kumpelekea, nipate cha kuzungumza naye, kwa sababu watu waliooana miaka thelathini na moja wakikaa hospitalini mazungumzo huisha upesi, yanabaki ya choo na vidonge. Wale watu wa kinu walituokoa. Tuliwasengenya mpaka muuguzi akatuuliza kama ni ndugu zetu.

Alikuwa kwenye mkunjo wa kumi na saba daktari aliponiita chumbani kwake. Alikuwa mwanamke mpole, mwenye tabia ya kufunga kalamu kabla ya kusema jambo.

“Mzee, kaa. Dawa tulizo nazo zimefika mwisho. Nazungumzia wiki sita, labda saba. Kama anataka kwenda nyumbani, aende sasa, kabla hajahitaji oksijeni. Tutampa vidonge, muuguzi atawapitia. Akishaanza mashine sitamruhusu tena, na nyie mnakaa ghorofa ya nne. Nimwambie mimi au utamwambia mwenyewe?”

“Nitamwambia mwenyewe.”

Kutoka mlango wa daktari hadi kitanda cha mke wangu hakuna hata hatua arobaini. Nilitembea nikiwa na sentensi nzima, nimeipanga vizuri. Nilipofika aliinua uso kutoka kitabuni, anacheka machozi yanamtoka. “Shangazi amemfungia kaka yake ghalani! Ameanza, Gundi, nilikwambia ataanza!” Kisha akaona sura yangu. “Daktari kasemaje?”

“Anasema dawa zimeanza kushika.”

Niliogopa. Ningependa kupata neno lenye heshima zaidi, nimelitafuta tangu siku ile na sijalipata. Nilijiambia nitamwambia kesho. Kesho yake nikajiambia akimaliza kitabu nitamwambia, mikunjo imebaki kumi na miwili, si mingi, acha amalize kwa raha. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema lolote kuhusu anayeficha maradhi ya mwenzake, labda hawakudhani kuna mtu kama huyo.

Wiki hiyohiyo nikafika mkunjo wa ishirini. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda changu karakanani, saa nne asubuhi, chai mkononi. Kaka watatu wanabishana kuhusu uzio wa kinu. Mtumishi anaingia na kusema Shangazi hapumui. Mwandishi anaeleza kwamba moyo wake ulikuwa mbovu siku nyingi, na nyumba nzima ilijua isipokuwa yeye. Kisha ubishi wa uzio unaendelea.

Mistari minne. Nilirudi nikaihesabu. Mwanamke aliyebeba filamu nzima mabegani, mwanamke ambaye mke wangu alimsubiri mikunjo kumi na tisa, kapewa mistari minne katikati ya uzio! Baada ya hapo kurasa kumi na moja za mazishi na ugomvi wa nani achukue kabati lake. Nilimtukana mwandishi kwa sauti mpaka fundi viatu akachungulia. Niliwatukana na watu wa filamu, waongo wakubwa, waliomwacha amesimama getini na nywele nyeupe kana kwamba aliwahi kuzeeka. Nikamaliza kuwatukana, nikafanya kama wao.

Fundi wa kushona hafikirii mistari, anafikiria mikunjo. Niliutoa wa ishirini wote. Bahati ya mwizi, wa ishirini na moja ulianza na sura mpya, miaka minane baadaye, watoto wamekua wamehamia mjini, na sura hazikuwa na nambari, zilikuwa na vichwa tu. Wa kumi na tisa uliishia katikati ya sentensi, kwa hiyo karatasi yake ya mwisho niliibandika kwenye jalada, kama mtu aliyezidisha gundi. Nambari za kurasa nilishazikata zamani bila ubaya wowote, utafikiri mkono wangu ulijua mapema. Nikaipitia mikunjo iliyobaki mstari kwa mstari. “Marehemu Shangazi” alitajwa mara mbili, na mara zote mbili nikamwagia tone la chai. Niliona nimefanya kazi safi. Nasema kweli, nilijiona fundi.

Nilimpelekea wa ishirini na moja siku ya Jumanne. Alhamisi nilipokwenda kuuchukua nilimkuta ameuweka kifuani, umefungwa.

“Huyu Shangazi siku hizi yuko wapi?” akaniuliza.

“Si amebaki kule kinuni. Vijana wamehamia mjini.”

“Hawamwandikii hata barua?”

“Unawajua vijana.”

“Na wewe umesoma mbele. Atarudi?”

“Kitabu kirefu, Kamishna. Humo watu wanapotea wanaibuka.”

“Haya,” akasema.

Siku nyingine aliniuliza kama daktari amesema kitu kipya. Nikasema hapana, wanaridhika naye. Siku nyingine, natengeneza mto wake, akasema pale nyumbani pazia la chumbani limetoka kwenye ndoano moja, halafu akangoja. Nikasema nitalirekebisha. Siku nyingine aliniambia, “Kaa karibu kidogo,” nikakaa karibu, akanishika mkono, akasema, “Niambie kitu, Gundi. Chochote.” Nikamsimulia habari ya mwanachuo aliyeleta tasnifu yenye jina la profesa limekosewa kwenye jalada. Hakucheka mwanzoni, hakucheka katikati, hakucheka mwisho.

Nilidhani ni ugonjwa. Miguu ilikuwa imevimba hadi magotini, na alipofika mkunjo wa ishirini na tatu wakamletea mashine ya oksijeni, mipira miwili puani. Niliitazama ile mashine na kukumbuka maneno ya daktari, nikajua kwamba mlango umefungwa na kwamba mimi ndiye niliyekuwa na ufunguo. Hata hapo sikusema. Kila siku niliyonyamaza iliifanya ya pili iwe nzito zaidi, mwisho ningehitaji kuomba msamaha wa wiki nzima kabla sijaanza kutaja jambo lenyewe.

Nilipomfikishia wa ishirini na sita hakuupokea. Niliuweka juu ya shuka. Aliongea polepole, kwa pumzi fupi fupi.

“Niletee ishirini.”

“Ishirini gani?”

“Mkunjo wa ishirini, Gundi. Usinitie wazimu.”

Nilikaa chini. Akanyoosha kidole chake kilichovimba, akafunua jalada la manila, akanionyesha chini kabisa ya ukurasa wa kwanza, pembeni: nambari ndogo kama sisimizi, ishirini na sita.

Kila mkunjo unayo. Wanawake wa meza ndefu walipanga kwa hiyo nambari ya mguuni na hawakutazama kitu kingine, siku nzima, miaka yote. Sisi wa kushona hatukuijali. Sisi tulitazama mgongo, ambako huchapwa alama nyeusi zinazoshuka ngazi kwa ngazi, na migongo yote nilikuwa nimeifunika kwa manila kwa uangalifu mkubwa. Nilikata kichwa, nikafunika mgongo, nikausahau mguu. Na nani aliyekuwa akisoma? Kamishna!

“Tangu lini?” nikamuuliza.

“Tangu Jumanne ile ile. Kumi na tisa, halafu ishirini na moja.” Akapumzika. “Kwanza nilisema Gundi amezeeka. Halafu nikasema hapana, Gundi hajawahi kupoteza mkunjo. Ameutoa. Kwa nini autoe? Shangazi haonekani tena. Basi amekufa humo. Nikasema, mume wangu huyu aliyekuwa akinisomea matangazo ya vifo gazetini huku anatafuna, leo ananificha kifo cha mtu wa kitabuni?” Akapumzika tena. “Nikajua daktari amekwambia.”

“Mbona hukuniuliza?”

“Nilikuuliza. Nilikuuliza kila siku, kwa kila njia. Ningekuuliza waziwazi ungelia ukasema ndiyo. Nilitaka useme mwenyewe. Uliapa.” Macho yake yalikuwa makavu kabisa. “Kila ulipoingia na kale kamfuko kako nilisema, leo. Leo atasema, na kesho atanichukua nyumbani. Nilikuwa bado natembea mpaka chooni wakati ule, Gundi. Ngazi ningezipanda, taratibu, nakaa napumzika.”

“Daktari alisema wiki sita,” nikamwambia. “Alisema uende nyumbani wakati huohuo. Ilikuwa ni mwezi mmoja uliopita.”

Nilitegemea atanipiga. Ningeshukuru. Alifumba macho tu, nikaona kifua kinapanda na kushuka haraka, mpaka muuguzi akaja kutazama mashine.

Nilimkimbilia daktari. Nilimwambia namchukua leo, sasa hivi, nitambeba mgongoni mwenyewe ghorofa zote nne. Akafunga kalamu yake. Hakunigombeza, alinieleza kama anavyomweleza kila mtu: mashine haikatwi hata kwa dakika kumi, na akipandishwa ngazi atafia kwenye ngazi. “Nilikwambia mapema, mzee,” akasema. “Nilidhani mmeamua wenyewe abaki.”

Niliporudi wodini mdogo wake alikuwa amefika, mshonaji wa mapazia, amekaa kwenye kiti changu. Nilijua ameshaambiwa kwa jinsi alivyoinuka na kusogea bila kunipa mkono. Nikamweleza mke wangu alichosema daktari. Nilisema yote, neno kwa neno, sikuficha hata ngazi. Sasa nilikuwa mkweli mno.

“Mwezi mzima,” akasema. “Mwezi mzima ningekuwa kwangu, nakusikia unavunja vikombe jikoni.”

“Nisamehe, mke wangu.”

“Siwezi sasa hivi. Pumzi haitoshi.” Hakusema kwa ukali. Alikuwa anaeleza hali yake tu. Kisha akamgeukia mdogo wake. “Kuanzia leo daktari azungumze na wewe. Wewe ndiye utakayeniambia. Siyo huyu.”

Mdogo wake aliitikia, “Sawa, dada,” na akatazama chini.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini baada ya hapo kuna njia nyingine ndefu ambayo wahenga hawakuitaja. Nilimpelekea mkunjo wa ishirini kesho yake. Aliusoma mwenyewe, alinikataza nisimsomee, ukamchukua asubuhi nzima. Alipofika kwenye mistari minne nilijua, hakuwa na haja ya kuniambia, niliona kidole kimesimama. Alikirudisha juu akaisoma tena. “Basi,” akasema, akaufunga, akanipa. Mikunjo mitatu ya mwisho hakuiulizia.

Siku zilizofuata nilikwenda kila saa ya kuona wagonjwa, na nilikaa mpaka waliponitoa. Hakunifukuza. Aliniruhusu nimpake mafuta miguuni, nimfute uso, nimnyweshe maji kwa kijiko. Nilipomwambia kitu alijibu. Lakini hakuniuliza tena jambo lolote, hata moja, hata saa ngapi. Mtu ukimwuliza unatarajia atakwambia kweli, na mimi nilikuwa nimeondolewa kwenye hesabu hiyo. Daktari alipopita alimwita mdogo wake pembeni, wakaongea kwa sauti ya chini, mdogo wake akarudi akainama akamnong’oneza dada yake sikioni. Mimi nilikaa upande wa miguu nikiangalia midomo yao. Mara moja Kamishna alitikisa kichwa na kutabasamu kidogo, na sijui aliambiwa nini.

Asubuhi ya siku ya kumi na moja nilifika mapema na nguo zake safi. Muuguzi alikuwa amevuta pazia la kijani kuzunguka kitanda, na kwenye korido daktari alikuwa amesimama na shemeji yangu, kalamu imefungwa. Nilikaa kwenye benchi na mfuko wangu. Sikuthubutu kusogea. Daktari alimaliza, akampapasa bega, akaondoka. Shemeji aliingia nyuma ya pazia. Nilimsikia akisema kitu kirefu, na halafu sauti ya mke wangu, maneno machache, siwezi kusema yalikuwa gani ila nilijua ni yeye. Shemeji akatoka. Alikuwa amejifuta uso, lakini alikuwa amejifuta vibaya.

“Daktari kasemaje?” nikamuuliza.

Alinyoosha shati langu begani, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu namjua.

“Anaendelea vizuri tu, shemeji. Amelala sasa, hataki kusumbuliwa. Kasema uende nyumbani upumzike, urudi jioni.”

Nilimtazama. Hakuweza kunitazama. Mwongo humjua mwongo mwenzake, na huyu alikuwa mgeni katika kazi hiyo, mikono yake ilikuwa bado inanyoosha shati langu lililokwisha kunyooka. Nilijua kule nyuma ya pazia kuna nini, kwamba Kamishna hataiona jioni. Nilijua pia kwamba hakujitungia maneno yale, kwamba yametoka kwa dada yake, kwa pumzi ile iliyobaki, na kwamba ameyachagua.

“Haya,” nikasema. “Mwambie nimekwenda.”

Nikamwachia ule mfuko wa nguo, nikashuka ngazi, nikaenda nyumbani kama nilivyoambiwa.